Esta, nakuletea mizani

Tabora, 9 Juni

Esta mwenzangu,

Mwangaluka. Najua utanijibu kwa Kiha ili nisielewe, na iwe hivyo. Huku wazima. Mama goti linamsumbua kwa hii baridi ya asubuhi, Kassim ameota jino la mbele, Mzee Mayunga bado anauliza kitabu chake utakirudisha lini, na Mwamini ameolewa, na yule yule. Salamu naziishia hapo, nikiendelea sitafika kwenye jambo. Kimya changu tangu Pasaka nitakieleza tukionana.

Nimepata ile nafasi. Ile ya Marekani, ya kutengeneza modeli ya hesabu ya kuonyesha jinsi kupunguza kuni msituni (yaani nyasi, majani na matawi, kila kinachoweza kuungua) kunavyopunguza moshi na gesijoto siku moto kichaa unapokuja. Mwaka mmoja, California, upande wa milima ya Sierra Nevada. Naondoka mwanzoni mwa Septemba, Mungu akipenda na ofisi ikisaini. Ofisi haijasaini. Fomu yangu ya ruhusa imezunguka mpaka pembe zimekunjika, kila meza inasema iko meza nyingine, na mwenye meza ya mwisho yuko semina. Basi, tuyaache ya ofisi, nitapandisha presha bure.

Mama nilipomwambia alinyamaza, akaendelea kuchambua mchicha, kisha akasema: "Unakwenda Marekani kutazama moto? Wa hapa umeisha?" Baba Kassim alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nilicheka pia, lakini usiku swali likanirudia, maana kwenye usaili niliulizwa karibu hilo hilo kwa maneno ya kisomi.

Tulikuwa tunaonana kwa video, na siku hiyo umeme ulinihurumia. Wakaniuliza habari za misitu yetu ya miombo, nikawaeleza nyasi zinavyofika kifuani mwezi wa nne na zinavyokuwa zimekauka mwezi wa saba. Halafu mama mmoja mwenye miwani akauliza: sehemu moja hupitiwa na moto kila baada ya muda gani? Nikasema mwaka huu, na pengine mwakani tena, au uruke mmoja. Wakanyamaza. Nikadhani mtandao umekatika.

Nilipopelekewa maelezo ya modeli yao ndipo nikajua kwa nini walinyamaza. Misitu yao ya misonobari zamani ilikuwa ikipitiwa na moto mdogo mdogo mara kwa mara, mwingine wa radi, mwingine wa wenyeji waliojua wanachokifanya. Kisha wakaja wa kukataza. Sheria ya California ya mwaka 1850 juu ya wenyeji ilifanya kuchoma nyika kuwa kosa. Mwaka 1935 Idara ya Misitu ya Marekani ikaweka kanuni kwamba moto ukionekana leo, lengo ni uwe umedhibitiwa kesho saa 4 asubuhi. Wakazima na kuzima, na kila kilichookolewa na moto kikabaki chini: majani ya misonobari, matawi, miti midogo iliyosongamana. Karibu karne nzima. Matokeo yake unayajua, mji wa Paradise mwaka 2018, watu 85 wakafa. Mwaka 2020 zaidi ya hekta milioni 1.6 ziliungua ndani ya jimbo hilo moja. Sasa wanahangaika kupunguza. Wanakata miti midogo, wanasaga vichaka kwa mashine, wanarundika matawi na kuyachoma wakati wa baridi, wanachoma msitu wenyewe kwa makusudi siku zenye unyevu. Wakaruk na Wayurok, makabila ya wenyeji wa huko, ambao mababu zao waliadhibiwa kwa kuchoma, leo wanafuatwa wawafundishe wengine. Tungekuwa pamoja hapa tungelisema hilo mpaka usiku, hasa wewe unavyozijua amri za zama za mkoloni za huko kwenu.

Lakini kazi ya modeli ni hesabu, na hesabu yao ina shimo moja kubwa katikati. Kupunguza kuni kwenyewe kunatoa moshi. Ukichoma kwa makusudi umetoa, ukikata na kurundika na kuchoma umetoa, mashine nazo zinakunywa dizeli. Faida unaipata pale tu moto kichaa unapopita sehemu uliyoisafisha, kabla vichaka havijarudi. Sasa tuseme uwezekano wa moto kupita hapo ni asilimia 1 kwa mwaka, na usafi wako unadumu miaka 15. Piga hesabu: uwezekano kwamba moto utakuja ndani ya muda huo ni kama asilimia 14. Katika hekta 100 ulizosafisha, 86 umezitolea moshi na moto wenyewe hukuuona. Ndiyo maana wataalamu wao wanabishana kwa miaka. Upande mmoja unasema tunaokoa hewa ukaa, mwingine unasema tunaipoteza leo kwa kuogopa ya kesho, na wote wanatumia modeli zinazofanana. Wanachotofautiana ni ile safu moja ya uwezekano wa moto.

Huku kwetu safu hiyo tungeijaza bila kubishana. Moto utakuja. Nenda Sikonge, nenda Kaliua, nenda huko kwenu Uvinza bondeni mwa Malagarasi, uliza mtu yeyote. Swali letu ni utakuja mwezi gani. Na kuni zetu hazikuwekwa akiba na babu wa mtu, ni nyasi za mvua ya mwaka huu huu na majani yaliyopukutika juzi. Kwa hiyo jibu langu kwa mama ni hili (sijamwambia, maana ataniona namfundisha): naenda kwa watu wenye chombo kizuri cha kupimia, nikakigeuze swali. Wao wanauliza kama moto utakuja. Mimi nataka kiulizwe tofauti ya Juni na Septemba.

Kapela hataki kusikia. Anasema kuchoma ni kuchoma, msitu haulindwi kwa kiberiti. Nilimtajia yale majaribio ya Ndola, Zambia, yaliyoanza mwaka 1933, kipande cha miombo kikichomwa mapema kila mwaka, kingine kikichomwa mwishoni mwa kiangazi, kingine kikilindwa kabisa. Kile cha mwisho wa kiangazi kikaishia kuwa uwanda wa nyasi wenye miti ya kuhesabu. Cha mapema kikabaki msitu. Akanijibu "hiyo ni Zambia". Mtu anayekula ugali wa mahindi ya Zambia! Nimemwacha.

Sasa ndiyo nafika kwenye shida yangu, na hapo ndipo unapoingia wewe. IPCC, lile jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, katika mwongozo wao wa 2006 wana jedwali la sehemu ya kuni inayoungua kweli moto unapopita. Kwa nyika zenye miti, moto wa mapema unateketeza 0.40 ya kilichopo, wa katikati na mwisho wa kiangazi 0.74. Chukua tani 5 za nyasi na majani makavu kwa hekta, za mfano tu. Mapema zinaungua tani 2, mwishoni tani 3.7. Hewa ukaa ya nyasi haiingizwi kwenye hesabu, kwa kuwa mvua zikija nyasi mpya zinaichukua tena. Methani ndiyo tunayoitafuta, ambayo kwa miaka 100 inapasha joto mara 28 kuliko uzito ule ule wa hewa ukaa. Jedwali linatoa gramu 2.3 za methani kwa kila kilo inayoungua. Kwa hiyo kilo 4.6 kwa hekta ukichoma mapema, kilo 8.5 ukichelewa. Safi kabisa. Waaustralia wa Arnhem Land ya magharibi walianza mwaka 2006 kulipwa kwa hesabu ya namna hii, askari wa mazingira wa kienyeji wakachoma mapema na kampuni ya gesi ya Darwin ikawalipa kwa gesijoto isiyotoka.

Umeuona mtego? Zile gramu 2.3 ni zile zile mapema na mwishoni. Wewe umewasha nyasi mbichi mara ngapi? Zinafuka, hazishiki, moshi mweupe unakufukuza mpaka kwenye gari. Moto wa kufukuta unatoa methani na moshi mwingi zaidi kwa kila kilo kuliko moto wa ndimi. Kwa hiyo mapema tunaunguza kidogo lakini kwa uchafu zaidi. Kama uchafu huo ukizidi mara 1.85, faida yote imekwisha, na Kapela atatembea Tabora nzima akinicheka. Sidhani unafika huko kwenye miombo yenyewe, ambako majani makavu ya miti yanasaidia moto kushika. Mbugani kwenye nyasi tupu nina wasiwasi. Na kinachoamua ni unyevu. Mwaka nenda mwaka rudi tunaandika ripoti za moto, hekta ngapi, nani kashukiwa, na hakuna anayepima unyevu wa nyasi siku ile.

Basi ombi. Vile vipande vyako vya Uvinza na vile vya juu Kasulu, nahitaji uzito wa nyasi na majani kabla moto haujapita, mwishoni mwa mwezi huu na tena katikati ya Septemba. Juni nitakuja mwenyewe tufanye pamoja. Septemba nitakuwa nimeshaondoka, ni wewe. Fremu ya mita moja kwa moja, kata mpaka chini, pima mbichi hapo hapo, tia kwenye mfuko wa karatasi, kausha kwenye nyuzi 70 hivi mpaka uzito uache kushuka, pima tena. Kama oveni ya maabara bado imekufa, muombe Mama Siwema ile ya mikate, ila isizidi moto, tusije tukateketeza sampuli. Na matawi yaliyoanguka uyahesabu kwenye mstari kwa unene, chini ya milimita 6, mpaka sentimita 2.5, mpaka 7.6, na yanayozidi hapo. Wamarekani huyaita ya saa 1, saa 10, saa 100 na saa 1000, kwa muda yanaochukua kukauka. Mama kasikia nikisoma kwa sauti, akauliza hizo kuni za saa elfu zinauzwa wapi, maana gunia la mkaa limepanda tena.

Kuna kitu kingine nakuambia wewe tu. Naogopa namba zikitoka zitatumiwa vibaya. Tayari kila moto hapa ni wa warina asali. Wachoma mkaa wapo, wawindaji wapo, wafugaji wanaotafuta nyasi changa wapo, mwenye shamba la tumbaku aliyeacha moto umtoroke yupo, lakini mkutano wa kijiji ukiitwa anasimamishwa mrina asali na bomba lake la moshi. Mtu mwenye mizinga mia moja porini ndiye wa mwisho kutaka Septemba iwake! Wengi wao wanachoma kuizunguka miti yenye mizinga mapema, wanaijua hii kazi kabla yetu. Sasa nikiandika "moto wa mwezi wa tisa ni mbaya kwa kiasi hiki", nani atasomewa mashtaka? Au likija suala la fedha za kaboni, yale malipo ya gesijoto isiyotoka, nani atasaini? Walioifanya bila kulipwa watakuwemo kwenye orodha? Nilianza kumweleza hivi yule mama wa miwani, akasema hilo ni swali zuri, tukahamia ajenda nyingine. Unajua "swali zuri" maana yake nini kwenye vikao...

Nimechoka kuandika, mkono unauma. Niambie haya: Uvinza mwaka huu nyasi zimefika wapi, na pameshawaka popote? Ile mizani yako ya betri bado inasoma sawa, au utategemea hii ninayokutumia? Shemeji atakubali utoke Septemba, na shule zikiwa zimefunguliwa? Ukikataa nitaelewa, ila unipendekezee nani, na usimtaje Kapela? Zile karatasi za kuchoma mapema za miaka ya nyuma, ulizonionyesha kwenye ile kabati yenye mchwa, zipo bado? Na wewe kwenye hili la warina asali unaonaje, niliweke ndani ya ripoti yenyewe au niandike pembeni kwa Kiswahili wasome wao kwanza? Mwanao wa pili yukoje, ile homa iliisha?

Juma anapanda treni ya Kigoma Jumamosi, atakushushia Uvinza mizani, mifuko ya karatasi na ndoo ndogo ya asali. Asali ni ya rushwa. Ukituma migebuka, ikaushwe vizuri, ile ya mara ya mwisho abiria wenzake walimhamisha behewa.

Nijibu mapema, hata kwa ujumbe mfupi, nijue natafuta mtu mwingine au hapana.

Ni mimi,
Zuhura

Nimesahau: mwambie Mama Siwema gharama ya umeme wa oveni nitalipa mimi, asikuambie vingine.