Eti ni kitabu cha majini?

Mhariri, salamu kwako na wenzako wote hapo ofisini. Naandika kuhusu yule msomaji wa wiki iliyopita aliyesema The House of the Spirits, riwaya ya Isabel Allende wa Chile, ni kitabu cha majini na mapenzi tu, eti hakiwafai mabinti zetu. Mi nimekisoma mara mbili, mara ya kwanza na dikshenari pembeni, na nahisi mwenzetu aliishia kurasa za mwanzo, pale mhusika Clara, akiwa bado mtoto, anaposogeza kichupa cha chumvi mezani bila kukigusa.

Sawa, mizimu imo tena mingi tu. Rosa, dada yake Clara, ana nywele za kijani, Férula anakufa halafu anawatokea watu mezani wakila, anambusu wifi yake Clara, huyo anaondoka zake. Sasa hayo kweli ya kutushangaza sisi? Bibi yangu alikuwa akipika anamwongelesha babu ambaye tulishamzika zamani, leo tui limekuwa jepesi mume wangu, na hakuna aliyeshtuka pale jikoni.

Kilichonikaa mimi ni kile kimya cha Clara. Mumewe Esteban Trueba, mwenye shamba kubwa la Tres Marías, anampiga mpaka meno yanamtoka, na Clara hafanyi fujo, haiti wazee waje kusuluhisha, anarudi zake mjini na hamsemeshi tena mpaka anaingia kaburini. Sio ile kununa ya siku tatu inayoisha kwa doti ya kanga jamani! Yule mzee anahangaika, anampenda kwelikweli, lakini neno halipati.

Halafu kuna deni. Ujanani Esteban alimbaka Pancha, binti wa wafanyakazi wa shambani kwake, na miaka mingi baadaye, jeshi likishapindua serikali, anayemtesa mjukuu wake Alba kizuizini ni mjukuu wa huyohuyo Pancha. Ndo sehemu tunayotaka mabinti wasiisome? Na mzimu wa Clara unapomtokea Alba mule ndani haumfungulii mlango, unamwambia aandike kichwani, bila kalamu wala karatasi, ili asife. Basi jini lenyewe ndo hilo.

Mapinduzi yale sio ya kubuni, Chile ilipinduliwa kweli 11 Septemba 1973, rais Salvador Allende akafa, na alikuwa binamu wa baba yake mwandishi. Isabel akakimbilia Venezuela, na tarehe 8 Januari 1981 akiwa Caracas akaanza kumwandikia barua babu yake aliyekuwa anakaribia kufa huko kwao, barua ikakua ikawa riwaya, ikatoka 1982. Nívea, Clara, Blanca, Alba, mama mpaka kitukuu, majina yote kwa Kispania ni ya weupe na mwanga. Nilichelewa sana kuliona hilo, nilicheka peke yangu kwenye daladala.

Tusisahau hata Rosa Mistika ya Kezilahabi ilivyotoka 1971 ilipigwa marufuku mashuleni, leo nani asiyeijua. Mi naomba wachapishaji wetu watafute mtu anayekijua Kispania atutafsirie hiki moja kwa moja, maana dikshenari nayo inachosha.

Yule msomaji akitaka nitamwazima nakala yangu, jalada limechanika ila kurasa zote zipo, asiishie tena kwenye kichupa cha chumvi.

Msomaji wenu,
Tanga