Mjomba, yule nesi simjui

Mjomba, shikamoo.

Najua barua hii utasomewa na mtu, maana bando lako ni la WhatsApp peke yake na ukurasa kama huu kwako haufunguki. Atakayekusomea namwomba asiruke mahali, hata pale atakapoona haya. Nimeiandika mbele za watu kwa sababu kosa lenyewe nililifanya mbele za watu. Grupu la ukoo lina watu 64 na wote waliisikia.

Unaikumbuka sauti ya yule nesi? Dakika mbili na ushee. Dada ananong'ona, anakohoa kidogo, anasema wodi zimejaa, mtu akiingia na kifua hatoki, wanazika usiku. Mwishoni anasihi: "Msiwalete wazazi wenu huku." Niliituma Mei 2020, korona ilipopamba moto, nikaandika chini yake: Nesi wa hospitali kubwa hapa Mwanza, sikilizeni wenyewe.

Yule nesi simjui. Sikuwahi kumjua. Niliipata kwa kuli mmoja hapa Mwaloni, kwenye soko la samaki, naye aliipata kwa shemeji yake. Na ilipofika kwangu ilikuwa na vile vishale viwili pembeni, alama kwamba imekwisha kupita katika mikono mingi. Aprili ile WhatsApp walikuwa wameweka kikomo: ujumbe wenye vishale viwili uende mahali pamoja tu kwa mara moja. Mimi nina grupu la ukoo, la wauza dagaa, la kwaya, la vikoba, la wazazi wa shule. Nikaona usumbufu. Nikaihifadhi kwenye simu, nikaipandisha upya kama kitu changu. Vishale vikapotea. Kwako ikafika safi kabisa, utadhani nilikaa na yule dada kwenye benchi nikamrekodi kwa mkono wangu.

Ukweli niliujua mwaka 2022, na niliujua kwa bahati. Mteja wangu wa Kisumu, mama mmoja anayechukua dagaa (wao wanawaita omena), alikuwa amekaa juu ya gunia anasubiri lori. Tukawa tunacheka mambo ya korona, ndimu zilivyopanda bei, watu walivyopeana salamu kwa viwiko. Akasema, "Sisi tulitumiwa sauti ya nesi wa Kisumu, tukaikimbia hospitali mwezi mzima." Akaitafuta kwenye simu yake, akaibonyeza.

Mjomba, ilikuwa ileile. Kikohozi kilekile. Wazazi wenu walewale.

Nilimwomba airudie mara tatu, hadi akaniuliza kama naumwa. Yule dada hataji mji. Dakika mbili nzima hataji Mwanza, hataji Kisumu, hataji hospitali, wala daktari, wala tarehe. Lafudhi nayo haikusaidii kitu, mtu anayenong'ona hana kwao. Mwanza niliiweka mimi kwa kidole changu. Kisumu aliiweka mpwa wa mtu mwingine.

Nimejiuliza sana kwa nini uliniamini. Wewe si mtu wa kumeza kila kitu. Dalali akikutajia bei ya dagaa unapigia watu watatu kabla hujafunga gunia. Nadhani jibu liko Septemba 2018. Siku ile ya tarehe 20, MV Nyerere ilipopinduka ikiwa karibu kabisa kufika Bwisya, hapo kisiwani kwenu Ukara, wewe ulikuwa ufukweni. Simu yako ilinifikia kabla redio haijasema neno. Kivuko cha watu 101 kilikuwa kimebeba zaidi ya maradufu, na waliokufa walipita 220. Siku zote zile grupu zima lilikuwa linakutegemea wewe: nani ametolewa, nani bado, nani ametambuliwa kwa kitenge. Na yule fundi mitambo aliyetolewa hai baada ya siku mbili, sisi wa mjini tulisema ni uzushi, hakuna mtu anayekaa ndani ya maji siku mbili akapumua. Ukasema nimemwona kwa macho yangu. Ikawa kweli.

Tangu hapo sheria yetu ikawa moja, ingawa hakuna aliyeitamka: aliyeko mahali ndiye asemaye. Wewe ulikuwa ufukweni, ukasema. Mimi niko Mwanza, hospitali kubwa ziko Mwanza, nikasema. Ulikuwa na haki ya kuniamini.

Nisijibebeshe yote lakini. Mwezi ule tulikuwa tumeachwa na simu zetu tu. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16, 2020, kule Arusha, na kwa wiki kadhaa waziri alikuwa anatoa hesabu, tunazisubiri kama matokeo ya mpira. Tarehe 3 Mei, Rais Magufuli akiwa Chato, hapohapo kwenye ziwa letu, akatuambia kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa majina ya watu na zikarudi zina korona. Takwimu zetu zikagota kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikakaa hapo zaidi ya mwaka mzima. Lile papai likawa jibu la kila kitu. Mtu akikohoa, papai. Mtu akiuliza barakoa yako iko wapi, papai. Maabara kuwa na kasoro ni jambo moja na ugonjwa kutokuwepo ni jambo lingine, ila kwenye grupu hayo yalikuwa kitu kimoja, na mimi nilichangia vikaragosi vya kucheka, vitatu vitatu.

Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros, alikuwa amesema mapema huko Munich, Februari 2020, kwamba pamoja na mlipuko wa ugonjwa kuna mlipuko wa habari. Wakati ule niliona ni maneno ya mikutano. Sasa namwelewa, ingawa naona kwetu mambo yalikuwa na sura nyingine kidogo. Kwetu habari zilifurika palipokuwa pakavu. Mtu mwenye mamlaka akinyamaza, nesi asiye na jina anapata kazi.

Nikupe na la kuchekesha kidogo. Aprili ileile ya 2020, Uingereza walikuwa wanachoma minara ya simu wakisema 5G ndiyo inaleta korona, na mimi nikakufowadia video. Ukanipigia kuuliza kama mnara wa Nansio, pale Ukerewe, ni salama. Mjomba, 5G hata Mwanza haikuwa imefika! Wewe mwenyewe ulinipigia ukiwa umepanda juu ya jiwe ili upate mtandao.

Sasa nifike pale nisipotaka kufika.

Februari 2021 simu zetu zilikuwa zinasema mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwenye magrupu, ugonjwa uliisha mwaka jana. Kwenye stetasi, picha za marehemu, mshumaa, utepe mweusi, asubuhi hadi jioni. Maalim Seif alifariki tarehe 17 mwezi huo, na chama chake kilikuwa kimesema wazi kwamba ana korona. Wengine wote walikuwa na "changamoto ya upumuaji". Nilikuwa nafungua stetasi na kuzihesabu, halafu narudi kwenye grupu kuandika amina chini ya ujumbe wa mtu anayesema tumeshinda. Kidole kilekile.

Dada yako alianza kubanwa Jumapili. Mama mkubwa aliyenilea mimi darasa la kwanza hadi la nne, nadhani hilo halihitaji kuelezwa hapa. Mkaza mjomba alitaka avushwe aletwe Mwanza. Mlinipigia, simu ikiwa kwenye spika, nikakusikia ukimjibu mkeo: "Mpwa wangu yuko kulekule. Ametuambia mwenyewe kunafanyika nini."

Nilinyamaza. Kwa kweli nilikuwa nimeirudia sana ile habari ya nesi, nimewasimulia wateja, nimeiongezea hata rangi ya sare yake, mpaka mwenyewe nikawa kama namfahamu. Nikasema tu, "Mpigeni nyungu kwanza." Mkapiga nyungu, mkaratusi na mwarobaini na malimau, blanketi mbili. Alhamisi akaondoka. Kwenye grupu tukaandika changamoto ya upumuaji, tukachanga, nikawa mweka hazina wa rambirambi.

Sisemi ile sauti ndiyo iliyomuua. Kutoka Bwisya ni kivuko, halafu gari hadi Nansio, halafu meli. Huenda angefia njiani. Ila hakupewa hata nafasi ya kufia njiani, na aliyeifunga njia ni mimi, kwa maandishi ya mstari mmoja chini ya sauti ya mtu nisiyemjua.

Ya chanjo nayapitia haraka kwa sababu huko angalau hatukuzika mtu. Dozi za Janssen 1,058,400 zilipokuja kutoka Marekani Julai 2021, na Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera tarehe 28, wewe ulikuwa umeshatumiwa mambo mawili. La kwanza, yule Mfaransa mwenye tuzo ya Nobel, Luc Montagnier, eti amesema kila aliyechanjwa atakufa ndani ya miaka miwili. Alikuwa na maneno yake ya kupinga chanjo, hilo ni kweli, lakini hilo la miaka miwili hakulisema, lilitungwa likapachikwa jina lake. Yeye mwenyewe alifariki Februari 2022, mzee wa miaka 89. Mkaza mjomba alichanja kimyakimya siku aliyokuaga anakwenda gulioni (amenipa ruhusa niseme, usimgombeze), na ile miaka miwili ikapita, naye bado anakushinda kubeba ndoo.

La pili ni ile video ya balbu inayowaka ikigusa bega lililochomwa sindano. Hiyo nimeifanyia kazi. Kuna balbu za dharura, zina betri ndani, za kutumia umeme ukikatika. Nilinunua moja Makoroboi, nikalowanisha vidole, nikaishika kwenye chuma chake cha chini. Ikawaka. Nilikuwa bado sijachanjwa hata tone. Nitakuletea uwashangaze wajukuu.

Kilichonifanya niandike leo ni ujumbe wako wa Januari 2025, Biharamulo, mkoani Kagera, ilipopata ugonjwa wa Marburg. Kagera walikuwa wameshaipata mwaka 2023, watu 9 wakaugua na 6 wakafa, kwa hiyo hofu ilikuwa na mizizi. Ulinitumia sauti ya mwanamume anayesema wavuvi wa upande ule wanaanguka ndani ya mitumbwi, tusiguse samaki wao. Chini yake ukaandika: "Mpwa, hii ni kweli?"

Hujawahi kuniuliza hivyo tangu nikufahamu. Nilikaa na lile swali mkononi kwa muda, magunia yanapita mbele yangu. Halafu nikakujibu: "Sijui, mjomba. Ngoja nimpigie mtu wa Kemondo." Yule wa Kemondo, ufukwe wa Kagera hukohuko, alipokea akiwa mwaloni, kelele za mnada nyuma yake, akasema leo sato wamekuja wengi, unataka kilo ngapi? Marburg inashika kwa kugusa damu na majimaji ya mgonjwa au maiti, na ilikuwa inaua watu kweli huko Biharamulo. Mitumbwini hakuna aliyekuwa anaanguka. Nikakuandikia hayo yote, ukajibu "sawa" peke yake. Lile "sawa" lako limenikaa.

Sauti ya nesi nimeifuta kwenye grupu, upande wangu. Kwenye simu yako najua ipo, wewe hufuti kitu, una hadi salamu za Pasaka za 2019. Juzi niliisikiliza tena kwa visikizio, polepole. Nyuma ya yule dada kuna jogoo anawika, mara mbili, na mtu anapiga mswaki au anasugua sufuria, sina hakika. Hakuna mashine, hakuna mlango, hakuna mtu anayeita nesi. Itafute uisikilize, sekunde ya arobaini hivi. Ukimaliza nipigie, usiniandikie.

Mpwa wako,
Mwaloni, Kirumba