Moshi wa makamyo upimwe pale yanaposimama

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mimi ni fundi wa injini za mazutu, yaani dizeli, hapa Lubumbashi, Kongo, kazi niliyoianza nikiwa kijana wa kushika tochi huku fundi mkubwa amelala chini ya gari. Naandika juu ya moshi wa makamyo yanayopita mjini mwetu kwenda Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, kwa sababu sehemu ya moshi huo imepita mikononi mwangu.

Nieleze. Kamyo lililotumika Ulaya mara nyingi linatufikia likiwa na chujio ndani ya bomba la moshi. Chujio linanasa masizi yasitoke nje, na yakijaa, joto la injini linayachoma humo humo. Lakini linataka mazutu safi. Ukilinywesha mazutu yenye salfa nyingi, linaziba mapema, gari linakosa nguvu kwenye mlima, taa inawaka mbele ya shofere, na mwenye gari anakuja kwetu amekasirika. Sisi tunafanya nini? Tunakata bomba, tunang'oa kilichomo, tunachomelea, kisha tunaidanganya kompyuta ya gari iamini kwamba chujio bado lipo. Kazi ya nusu siku. Nimeifanya mara nyingi, nikalipwa, nikanunua unga wa bukari nikarudi nyumbani.

Siku moja niliinua chujio nililokuwa nimelitoa nikaligonga chini. Masizi yalimwagika meusi tii, laini kuliko unga wa muhogo, na kijana aliyekuwa anafagia alikohoa mpaka akakimbilia nje. Nilisimama pale nikitazama ile rundo ndogo. Gari lilikuwa limekwisha kuondoka. Kuanzia siku ile, masizi ya namna hiyo lingeyamwaga barabarani, safari baada ya safari.

Fundi anausoma moshi. Ukiwa wa bluu, injini inakula oili. Ukiwa mweusi, mazutu hayaungui yote: chujio la hewa limejaa vumbi, enjekta zinazopulizia mazutu zimechoka, au mzigo umezidi. Hayo yote yanatengenezeka. Ila madhara makubwa yako katika chembe tusizoziona, zile za mikroni 2.5 kushuka chini, ndogo kama mara thelathini kuliko unene wa unywele. Pua haizizuii. Zinafika mwisho wa mapafu, na nyingine zinaingia katika damu, ndiyo maana zinahusika na pumu, na magonjwa ya moyo, hata na kiharusi. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la kwanza, la vitu ambavyo imethibitika vinaleta saratani kwa binadamu. Tumbaku iko katika kundi hilo hilo.

Dada yangu anakaa karibu na barabara ambako makamyo yanapanga foleni. Mtoto wake wa pili ana pumu. Wasomaji wa hapa wanajua asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, baridi inavyoshuka na hewa inavyokataa kupanda: moshi unalala chini, kimo cha mtoto anayekwenda shule. Nilipowatembelea kipindi hicho, niliamka saa kumi na moja, makamyo yamesimama mstari mzima na injini zinanguruma. Mama wauza mikate wamekaa kando yake na beseni zao. Nilipitisha kidole juu ya fremu ya dirisha ambalo dada alikuwa amelifuta jioni, kikatoka cheusi. Ndani, mtoto ameketi kitandani mabega yamepanda, anatafuta pumzi, na kile kichupa chake cha kupulizia kimebaki tupu.

Nilitoka nikamuuliza shofere mmoja, Mtanzania, mtu wa heshima, kwa nini hazimi. Akaniambia, "Kaka, nikizima breki zinapungukiwa upepo, foleni ikisogea mwenzangu anapita mbele." Sikuwa na la kumjibu. Amekaa njiani siku kadhaa, analala ndani ya gari lake, na hakuna aliyempangia pa kusubiri.

Najua pingamizi litakalotolewa: mkibana moshi mtawaua wenye makamyo wadogo. Ni hoja nzito, sitaki kuipita. Kule Kalifonia, Marekani, masizi ya dizeli yalitambuliwa rasmi kuwa sumu ya hewa mwaka 1998. Sheria ya makamyo ya zamani ilipitishwa 2008, na mwisho wa kubadilisha injini karibu zote ukawa mwanzoni mwa 2023. Wenye magari walipewa miaka, na serikali ikatoa pesa za kuwasaidia. Huko pia, kwa kawaida, gari zito lililosimama haliruhusiwi kunguruma zaidi ya dakika 5. Sisi hatuna mfuko wa Kalifonia, lakini kupanga kwa hatua hakuhitaji utajiri.

Tuanze na mazutu yenyewe. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zilikubaliana kwamba kuanzia 2015 mazutu yasizidi sehemu 50 za salfa katika milioni. Nasi tuliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kipimo hicho kidaiwe mpakani kwa kila tangi linaloingia, la sivyo kumwambia mtu atunze chujio ni kumwonea.

Halafu moshi upimwe pale ambapo makamyo yanasimama tayari. Kwenye peaji, kituo cha kulipia barabara, kila gari linalipa; kwenye mpaka kila gari linasubiri. Kipimo kinaingizwa kwenye bomba, shofere anakanyaga mafuta gari likiwa halina gia, na weusi wa moshi unasomeka kwa namba. Ni dakika chache. Mara ya kwanza mwenye gari aonywe na kupewa muda wa kutengeneza. Namba iandikwe kwenye karatasi anayobaki nayo, isiwe neno la mkaguzi tu, maana sote tunajua neno hilo linavyonunuliwa. Na kampuni za migodi, zenye pesa kuliko shofere na kuliko mwenye kamyo moja, ziandike katika mikataba yao kwamba gari lisilopita kipimo halipakii. Zaidi ya nusu ya madini ya kobalti ya dunia inachimbwa nchini kwetu, na sehemu kubwa inakwenda kwenye betri za magari yasiyotoa moshi. Nafurahi kwa ajili ya watoto watakaovuta hewa hiyo safi. Wa kwetu wanaikosa wakati mzigo huo unapita mbele ya milango yao.

Msingi wa sheria tunao. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya, na sheria ya ulinzi wa mazingira ipo tangu mwezi wa saba 2011. Kinachotakiwa ni kipimo chenye namba, na mtu wa kukishika.

Mimi nimeacha kukata machujio. Tangu niache, wateja wawili wamenihama. Mmoja nilikutana naye sokoni akaniambia, bila ubaya, kwamba alikatiwa chujio siku ile ile kwenye garaji ya jirani, kwa bei nafuu kuliko yangu.

Fundi wa injini za mazutu,
Kampemba, Lubumbashi