Wiki mbili hazitoshi kuihukumu dawa ya sonona

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Makala nyingi kuhusu sonona huishia pale msomaji anapoambiwa aende hospitali. Akienda, akarudi na vidonge, hakuna tena wa kumweleza kitu. Siku ya kumi mdomo umemkauka, huzuni iko palepale, na vidonge vinaishia jalalani.

Siku ya kumi ni mapema mno. Seli za ubongo hupashana habari kwa kemikali, zikiwamo serotonini na noradrenalini. Kemikali ikishafanya kazi, seli iliyoitoa huinyonya tena. Dawa nyingi za sonona huziba njia hiyo ya kunyonya, kemikali ikabaki kwa muda mrefu kati ya seli na seli. Kuziba huko huanza ndani ya saa chache, lakini ubongo huhitaji majuma kujipanga upya. Ndiyo maana maudhi ya dawa hutangulia na nafuu hufuata nyuma. Nafuu huanza kuonekana kati ya wiki 2 na 4. Dawa isiambiwe imeshindwa kabla ya wiki kama 6 za dozi ya kutosha, iliyomezwa kila siku bila kuruka.

Mgonjwa wa hapa Tanga aghalabu ataandikiwa amitriptilini au fluoksetini, na uchaguzi kati ya hizo si bahati nasibu. Amitriptilini huleta usingizi, hivyo humezwa usiku. Mtu mzima mara nyingi huanza na miligramu 25, akapandishwa polepole hadi kati ya 75 na 150. Humfaa anayekesha macho makavu, au mwenye maumivu ya neva. Lakini hukausha mdomo, hufunga choo, hutia ukungu machoni, na anayeinuka ghafla kitandani huona kizunguzungu. Mzee mwenye tezi dume anaweza kuzibwa mkojo kabisa. Mwenye mapigo ya moyo yasiyo sawa, au presha ya macho, aseme kabla hajaandikiwa. Ikizidishwa huvuruga moyo na kuua. Kwa hiyo mgonjwa mwenye mawazo ya kujiua asikabidhiwe vidonge vya mwezi mzima. Ndugu avifungie na ampe dozi ya siku.

Fluoksetini kwa kawaida huanza na miligramu 20 asubuhi, maana inaweza kufukuza usingizi. Wiki ya kwanza huja na kichefuchefu, kichwa kuuma na kutotulia. Kumeza baada ya chakula husaidia. Hupunguza pia hamu ya tendo la ndoa na kuchelewesha kilele. Wapo wanaoiacha kimyakimya kwa sababu hiyo, wakati tabibu angeweza kubadilisha dozi au dawa. Ikichanganywa na aspirini au diklofenaki huongeza hatari ya kutokwa damu tumboni. Tena hukaa mwilini kwa wiki kadhaa baada ya kuachwa, na huzuia ini kuisafisha amitriptilini. Anayeacha hii leo na kumeza kesho ile aliyogawiwa na jirani anajirundikia sumu.

Swali lisilopaswa kusahaulika kabla ya dawa yoyote kati ya hizi ni kama mgonjwa amewahi kupata siku ambazo halali wala hachoki, anaongea bila kituo na kutapanya fedha. Akiwa nazo, dawa ya sonona peke yake inaweza kumpandisha tena huko. Vijana wa chini ya miaka 25 wafuatiliwe kwa karibu wiki za mwanzo, kwa kuwa mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka.

Malaria kwetu haiishi, basi anayetumia amitriptilini amwambie mhudumu kabla ya kupewa dawa mseto, kwani lumefantrini, mojawapo ya dawa zilizomo katika mseto huo, inaweza kupandisha kiwango cha amitriptilini mwilini. Tramadoli nayo isichanganywe na dawa hizi bila tabibu kujua.

Ramadhani si sababu ya kukatiza. Zote mbili humezwa mara moja kwa siku: fluoksetini wakati wa daku, amitriptilini baada ya futari, karibu na kulala.

Aliyepona aendelee kwa miezi 9 hadi 12, kisha apunguziwe taratibu kwa wiki 4 au zaidi. Kuacha ghafla huleta kizunguzungu, kukosa usingizi na hasira za karibu. Watu huziita dalili hizo ulevi wa dawa, na si kweli. Mwili ulikuwa umeizoea, haukupewa muda.

Wenzangu wa madirisha ya dawa, toka Pangani hadi Mkinga, nina ombi dogo. Kwenye kile kibahasha tunachoandika 1x1, tuongeze tarehe mbili: ya kuanza dawa, na ya kutimia wiki 6.

Mfamasia,
Chumbageni, Tanga