Risala ya Kamati ya Uratibu kwa Mgeni Rasmi, Hafla ya Kufunga Majaribio ya Pamoja ya Mawasiliano ya Kijeshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wakuu wa misafara, maafisa na askari wa mawasiliano, mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wenzangu, nakushukuru kwa kukubali kufunga majaribio haya, na zaidi kwa kupita asubuhi ya leo hema kwa hema ukiwauliza mafundi wanachofanya. Wengi wao hawajawahi kuulizwa swali hilo na kiongozi wa ngazi yako.

Kazi hii ya kujaribu kama mitambo ya mawasiliano ya nchi mbalimbali inaelewana haikuanzia kwetu. Oktoba 1983, Marekani ilipovamia kisiwa cha Grenada, vikosi vyake vya nchi kavu na vya majini vilipata taabu kubwa kuzungumza kwa redio, ilhali vyote ni vya nchi moja. Ikiwa ndugu wa nyumba moja hukwama hivyo, nchi nyingi zenye mitambo ya kila aina zitakwama zaidi. Ndiyo maana mwaka 1995 yalianzishwa mazoezi ya mawasiliano ya Combined Endeavor nchini Ujerumani, mwaka 2006 Africa Endeavor yakaanzia Afrika Kusini, na NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini, nayo hukutanisha mafundi kila mwaka mjini Bydgoszcz, Poland, katika majaribio kama haya yaitwayo CWIX.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, anayeona antena na skrini hudhani kazi yetu ni mitambo, lakini sehemu kubwa ya uratibu hufanyika kabla mtambo wowote haujawashwa. Ni lazima vibali vya masafa ya redio viombwe mapema kwa mamlaka ya nchi mwenyeji, anwani za mtandao zigawanywe ili misafara miwili isije na namba zilezile, saa za ndani za redio zinazorukaruka kutoka masafa hadi masafa zilinganishwe ili ziruke pamoja, na kila jaribio liandikiwe nani anatuma, nani anapokea, na kwa kipimo gani tutasema limefaulu. Hilo la kipimo ndilo gumu kuliko yote, nami naomba nilieleze kwa tukio moja.

Siku ya pili, ujumbe wa kuomba gari la wagonjwa ulitoka kituo kimoja ukafika kingine bila herufi hata moja kupotea, na waliokuwepo wakapiga makofi. Sajini mmoja hakupiga. Aliinamia skrini, akaweka kidole kwenye alama ya majeruhi, kisha akakunjua ramani ya karatasi na kupima kwa rula. Mtumaji alikuwa ameandika latitudo ya digrii 6 na dakika 30, yaani digrii sita na nusu. Mtambo wa mpokeaji ukaisoma kuwa 6.30 ya desimali. Kosa hilo ardhini ni kilomita 22 hivi. Gari lingefika upesi mahali ambapo majeruhi hayupo.

Kwenye fomu tuliandika kwamba jaribio halikufaulu. Msafara mmoja ulitusihi tuandike kuwa ujumbe ulifika, jambo ambalo lilikuwa kweli, lakini tulikataa, kwa sababu tulichokuwa tukipima ni kama majeruhi angepatikana. Kwa maoni yetu hilo ndilo tokeo la thamani kuliko yote ya majuma haya mawili, kwa kuwa kosa limejitokeza hemani, mbele ya mafundi wa pande zote mbili, na programu ikarekebishwa kabla ya jua kutua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, linalotuumiza ni kwamba matokeo kama hayo hupotea. Fomu hufungiwa kabatini, fundi aliyejua kosa huhamishiwa kazi nyingine, na zoezi linalofuata huanza na watu wapya wanaogundua upya yaleyale. Vibali vya masafa navyo vimekuwa vikitufikia misafara ikiwa imekwisha kuwasili, hivyo siku ya kwanza huishia katika kusubiri.

Kwa hiyo tunaomba utusaidie katika mambo haya: kila nchi irudishe angalau nusu ya mafundi wake katika zoezi lijalo, majaribio yote yaliyoshindikana yawe ya kwanza kurudiwa, kabla ya mtambo wowote mpya kuoneshwa, na maombi ya masafa yapatiwe majibu kabla ya mkutano wa mwisho wa maandalizi. Sajini tuliyemtaja yupo ukumbini, na fomu yake ni ya kwanza katika jalada tutakalokukabidhi sasa.

Tunaomba kuwasilisha.