Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maadili na Ushirikishwaji katika Maigizo Yetu

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha taarifa ya kazi za chama chetu cha maigizo kwa mwaka unaomalizika. Mapato na matumizi ataeleza mweka hazina. Mimi nitajikita katika jambo lililoichukulia kamati ya utendaji muda mwingi zaidi, yaani namna tunavyotunga maigizo pamoja na watu ambao maisha yao ndiyo tunayoyapeleka uwanjani.

Kazi kubwa ya mwaka ilikuwa igizo kuhusu mikopo ya kausha damu, yaani mikopo ya riba kubwa inayowanyonya wakopaji, lililotokana na mazungumzo na akina mama wakaanga samaki wa hapa Bagamoyo. Mji wetu ni mdogo. Ukibadilisha jina la mhusika lakini ukaacha idadi ya watoto wake, mahali anapouzia na namna vyombo vyake vilivyochukuliwa, watazamaji watamtambua mara moja. Kwa hiyo tuliamua kwamba kila aliyetupa simulizi aalikwe mazoezini kabla ya onyesho, ajionee alivyoigizwa, na awe na haki ya kuondoa sehemu yoyote bila kudaiwa maelezo. Mmoja wao aliomba tukio la kutolewa vyombo nje lifutwe. Waigizaji walinung'unika, nami nawaelewa, maana hakuna tukio lililokuwa na nguvu kama hilo. Hata hivyo kamati ilimuunga mkono mama huyo, onyesho likaahirishwa na sehemu hiyo ikatungwa upya. Saini ya mwanzo ya kuturuhusu kutumia simulizi haiwezi kumfunga mtu ambaye, alipoitia, hakujua igizo litakuwaje.

Msimamo huu una mizizi nchini kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi Malya, mkoani Mwanza, ambako wanakijiji wenyewe walichunguza na kuigiza tatizo la wasichana kupata mimba wakiwa shuleni. Wageni waliwezesha, wenyeji wakatunga.

Tunatumia pia mbinu ya Augusto Boal wa Brazili, ambapo igizo husimamishwa penye mgogoro na mtazamaji akaingia kujaribu njia nyingine. Hapa kwetu wanaoingia haraka ni wanaume, tena wale wale wasemaji wa kila mkutano. Mwezeshaji sasa haruhusiwi kuuchagua mkono wa kwanza ulionyooshwa, na igizo la mikopo lilionyeshwa kwanza kwa wanawake peke yao, baada ya alasiri, kabla halijapelekwa mbele ya watu wote.

Kuhusu wanachama wetu viziwi, tulibaini kwamba mkalimani wa lugha ya alama aliyesimama pembeni aliwalazimisha kuchagua kati ya kumtazama yeye na kuwatazama waigizaji. Tukamwingiza ndani ya igizo, akawa jirani anayeshuhudia kila kitu, na igizo lenyewe likanoga kuliko lilivyokuwa. Dalili za kuingia na kutoka, ambazo zamani zilitolewa kwa ngoma pekee, sasa huambatana na leso inayopeperushwa. Jukwaa la ngazi tumeliacha. Tunacheza chini, hadhira ikituzunguka, ili mwenye baiskeli ya magurudumu matatu aingie uwanjani kama mwigizaji. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inakataza ubaguzi, lakini kupanga mazoezi ni kazi yetu wenyewe.

Tumepiga marufuku pia vichekesho vya kuiga kigugumizi, ulemavu au lafudhi ya kabila. Najua vinapigiwa makofi. Msanii asiyeweza kuchekesha bila hivyo aongeze mazoezi.

Mfadhili mmoja alitaka picha za nyuso za akina mama waliotupa simulizi. Walipokataa, tulimpelekea picha za hadhira kutoka nyuma, naye akaridhia.

Kwa watoto, idhini ya mzazi inabaki ya lazima, ila mtoto akisema hataki, hachezi.

Kamati inaomba mkutano huu uyaingize mambo haya katika kanuni za chama, pamoja na kifungu kinachotaka posho ya mazoezi iwe sawa kwa wote, awe mwigizaji mkuu au mbeba vifaa. Kifungu hicho cha mwisho kiligawanya kamati, kwa hiyo kitapigiwa kura ya siri peke yake.