Kuzirai katikati ya mazoezi si uchovu tu

Mhariri,

Mtu akizirai mazoezini, wengi humwambia anywe maji apumzike. Ushauri huo unaweza kumgharimu maisha. Aulizwe kwanza: alianguka akiwa bado anakimbia, au baada ya kusimama?

Akianguka baada ya kusimama ghafla, mara nyingi damu imetuama miguuni. Misuli iliyokuwa ikiisukuma kurudi moyoni imeacha kazi, presha ikashuka. Kinga yake ni kuendelea kutembea taratibu dakika 5 hadi 10.

Akianguka katikati ya mbio, wa kushukiwa kwanza ni moyo, hata kwa kijana anayeonekana mzima kabisa. Huenda misuli ya moyo imenenepa kupita kiasi, vali ya kutolea damu imebana, au mapigo yanavurugika. Aache mazoezi mpaka apimwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na ultrasaundi ya moyo. ECG kutoka safi peke yake hakutoshi, kwani mapigo huweza kuvurugika na kutulia kabla hajafika kwenye kipimo. Aulizwe pia kama yupo ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana.

Kizunguzungu kisicho na kuzirai kina sababu nyingine nyingi: upungufu wa damu au wa maji mwilini, dawa za presha, sukari kushuka kwa anayetumia insulini. Presha ipimwe akiwa amelala, kisha dakika 1 na 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, daktari apitie dawa zake.

Aliyeanguka asipopumua kawaida, ita msaada na ubonyeze kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika. Tafadhali, asimwagiwe maji.

Wahudumu wa kliniki ya moyo